Vimbunga Vingi Baharini, Mlango Mmoja Pwani

Dalili ya mvua ni mawingu, lakini kila mkulima ajua kwamba si kila wingu litandalo hunyesha katika shamba lake. Pengine wingu jeusi hupita juu ya kijiji kizima bila kuangusha tone, likaenda kumwaga maji yote ng'ambo ya kilima. Na pengine katika mwaka wa ukame, mvua moja ya mawe huanguka kwa nusu saa ikamharibia mtu mmoja mahindi yake yote, na jirani yake asiguswe. Mambo ndivyo yalivyo kwa watu wa pwani ya mashariki ya Marekani na ya Ghuba ya Mexico, nao si kwa mvua ya mawe bali kwa vimbunga, vile ambavyo wenyeji wa huko huviita harikeni.

Kila mwaka, mnamo mwezi wa Aprili, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Colorado State hutangaza idadi ya dhoruba wanazozitazamia katika bahari ya Atlantiki. Chuo hicho kimo bara, chini ya milima, mbali sana na bahari. Kazi hiyo ilianzishwa mwaka wa 1984 na Profesa William Gray, naye aliiendesha kwa miaka mingi, na wanafunzi wake wakaiendeleza; yeye alifariki mwaka wa 2016. Tangazo hilo likitoka, magazeti hulichapa, na watu wa pwani huulizana: "Mwaka huu ni mbaya au ni mwema?" Wakiambiwa kwamba msimu utakuwa na vimbunga vingi, wengine hushikwa na hofu. Wakiambiwa kwamba vitakuwa vichache, wengine hulala usingizi mzito. Makundi yote mawili hukosea, na kosa lao lafaa kuangaliwa, maana si kosa la watu wa Marekani peke yao.

KIMBUNGA NI KITU GANI

Kwanza yafaa kufahamu maneno yenyewe. Dhoruba ya bahari ya joto hupewa jina la mtu pepo zake zifikapo mwendo wa maili 39 kwa saa. Zikifika maili 74 kwa saa, dhoruba hiyo huitwa kimbunga. Vimbunga navyo hupangwa kwa madaraja matano, na kile kifikacho daraja la tatu, yaani maili 111 kwa saa au zaidi, huhesabiwa kuwa kimbunga kikuu. Msimu wake katika Atlantiki huanza tarehe 1 Juni na kwisha tarehe 30 Novemba, na kilele chake ni karibu na tarehe 10 Septemba. Kwa wastani wa miaka ya 1991 hadi 2020, kila msimu ulizaa dhoruba 14 zenye majina, na kati ya hizo 7 zilikuwa vimbunga, na 3 vimbunga vikuu.

Mbegu ya vimbunga vingi hutoka Afrika. Katika miezi ya mvua ya kaskazini, mawimbi ya hewa huanza upande wa nyanda za juu za Ethiopia na Sudan, yakasafiri kuelekea magharibi juu ya nchi za Sahel, mpaka yakafika baharini karibu na Senegal na visiwa vya Cape Verde. Kila mwaka hupita mawimbi kama 60 hivi. Mengi hufa baharini bila kumdhuru mtu. Lakini machache hukuta maji yenye joto la digrii 26 na nusu au zaidi, na hewa yenye unyevu, na pepo za juu zilizo tulivu, nayo hukua na kuzunguka hata yakawa vimbunga. Vimbunga vikuu vya Atlantiki, zaidi ya 8 katika kila 10, asili yake ni mawimbi hayo ya Afrika.

Ndiyo sababu wataalamu huweza kukisia habari za msimu kabla haujaanza. Wao hupima joto la bahari, tena hutazama bahari ya Pasifiki kama ina El Niño. Neno hilo si geni kwa wakulima wa Kenya, maana mvua kubwa za mwishoni mwa mwaka wa 1997 ziliwafundisha watu wote kulitaja. Basi hali ileile iletayo mafuriko Afrika Mashariki kwa kawaida huleta nafuu Atlantiki, kwa kuwa huko husababisha pepo za juu kuvuma kwa nguvu na kwa upande usiolingana na zile za chini, zikakikata kimbunga kichwa kama mtu akatavyo mgomba kabla haujazaa. Mwaka huo wa 1997 Atlantiki ilikuwa na vimbunga 3 tu. Hata hivyo kanuni hiyo si amri. Mwaka wa 2023 El Niño ilikuwapo, lakini bahari ilikuwa na joto kupita kawaida, na dhoruba 20 zikapata majina.

MIAKA MITATU YA KUFUNDISHA

Sasa ndipo lifikapo jambo kubwa. Kuhesabu vimbunga vitakavyozaliwa baharini ni kazi moja; kujua vitaingia mlango wa nani ni kazi nyingine kabisa. Na aangalie msomaji miaka mitatu ifuatayo.

Mwaka wa 2010 ulikuwa msimu mkali. Dhoruba 19 zilipewa majina, na 12 kati yake zilikuwa vimbunga. Watu wa Marekani walikaa wakingoja. Lakini hakuna hata kimbunga kimoja kilichoingia nchini mwao mwaka ule. Sehemu kubwa ya vimbunga hivyo iligeuka kaskazini katikati ya bahari ikapotelea kwenye maji baridi. Si kwamba ulimwengu mzima ulisalimika, maana Mexico ilipigwa, na kisiwa cha Saint Lucia pia. Lakini pwani ndefu ya Marekani ilipita msimu mkali kana kwamba ni msimu wa amani.

Mwaka wa 1992 ulikuwa kinyume chake. Ulikuwa msimu mkimya, na dhoruba 6 tu ndizo zilizopata majina. Juni ilipita, Julai ikapita, na nusu ya Agosti ikapita bila dhoruba yoyote kupewa jina. Majina hutolewa kwa kufuata alfabeti, basi ile ya kwanza ilipozaliwa tarehe 17 Agosti iliitwa Andrew. Siku saba baadaye, alfajiri ya tarehe 24 Agosti, Andrew iliingia kusini mwa mji wa Miami katika jimbo la Florida ikiwa na pepo za maili 165 kwa saa, daraja la tano, ambalo hakuna daraja lililo juu yake. Mji mdogo wa Homestead ulifagiliwa. Katika wilaya ya Dade nyumba zaidi ya 25,000 ziliharibiwa kabisa, na nyingine zipatazo 100,000 zikaumizwa. Mtu wa Homestead aliyekuwa amesoma gazetini kwamba msimu ni hafifu, tena akasoma kweli tupu, alitoka chini ya kifusi akiwa hana paa.

Mwaka wa 2020 ulizidi miaka yote kwa hesabu. Dhoruba 30 zilipata majina, hata majina yakaisha, ikabidi kutumia herufi za Kiyunani. Mwaka huo Florida, jimbo ambalo limepokea vimbunga karibu 4 katika kila 10 vilivyowahi kuingia Marekani, halikuingiwa na hata kimoja chenye nguvu kamili za kimbunga, ingawa kimoja kilichoingia jimbo jirani la Alabama kiliuumiza mji wa Pensacola ulio karibu na mpaka. Lakini jimbo la Louisiana lilipigwa mara tano na dhoruba zenye majina. Tarehe 27 Agosti kimbunga Laura kiliingia karibu na kijiji cha Cameron kwa pepo za maili 150 kwa saa. Watu wa huko walikuwa bado wamefunika mapaa yao kwa maturubai ya buluu, wakingoja mafundi, wakati kimbunga Delta kilipofika tarehe 9 Oktoba, na mahali kilipoingilia hapakufika maili 15 kutoka pale alipoingilia mwenzake.

Basi mwaka mkali uliwaacha watu salama, mwaka mkimya ukabomoa mji, na mwaka uliozidi yote ukawapiga jirani hao mara mbili kwa muda wa wiki sita. Mtu atakayeuliza "Vitakuwa vingapi?" na kuishia hapo, hajauliza neno la kumfaa.

NANI HUSHIKA USUKANI

Huenda msomaji akauliza kwa nini mambo huwa hivyo. Jibu ni kwamba kimbunga hakina usukani wake chenyewe. Huchukuliwa na pepo kubwa za ulimwengu, kama jani lichukuliwavyo na maji ya mto. Juu ya Atlantiki kuna mlima mkubwa wa hewa nzito, ambao wataalamu huutaja kwa jina la visiwa vya Bermuda au Azores, na pepo huuzunguka kwa kufuata mwendo wa mishale ya saa. Mlima huo ukitanuka kuelekea magharibi, vimbunga husukumwa moja kwa moja mpaka pwani ya Marekani au ndani ya Ghuba ya Mexico. Ukirudi nyuma, au ukipatikana mkondo wa hewa ya kaskazini ulioteremka karibu na pwani, mlango hufunguka baharini, na vimbunga hugeuka na kwenda zao. Hivyo ndivyo ilivyotokea mwaka wa 2010.

Mlima huo wa hewa hubadilika wiki kwa wiki. Hakuna mtu awezaye kujua katika Aprili utakuwa umekaa vipi siku fulani ya Septemba. Ndiyo maana kimbunga kikisha kuzaliwa, wataalamu wa serikali walioko Miami huweza kusema njia yake kwa siku chache kabla, na kwa uhodari mkubwa kuliko zamani; lakini miezi mitano kabla, hawasemi kitakapoingilia, wala mwenye busara hawaulizi.

HESABU YA MAHARAGWE

Wataalamu wa Colorado hawakuficha jambo hili. Katika tangazo lao huandika pia uwezekano wa kimbunga kikuu kuingia pwani. Kwa desturi ya miaka, uwezekano kwamba angalau kimbunga kikuu kimoja kitaingia mahali popote katika pwani nzima ya Marekani ni 43 katika 100. Mnamo Aprili 2024, wakitazamia msimu mkali sana, waliandika 62 katika 100. Wako waliosoma hivyo wakadhani kwamba kila nyumba ya pwani ina hatari ya 62 katika 100. Sivyo hata kidogo. Pwani hiyo, kutoka mpaka wa Mexico mpaka jimbo la Maine, ukiipima kwa jumla bila kufuata kila kijighuba, ina urefu wa maili kama 3,700. Ukiikata kwa vipande vya maili 50, utapata vipande 74. Kimbunga kimoja, katika sehemu yake iliyo kali kuliko zote, huponda kipande kimoja au viwili. Tena vipande hivyo havilingani kwa hatari. Vile vilivyotokeza baharini, kama kusini mwa Florida, mdomo wa mto Mississippi na rasi ya Hatteras katika North Carolina, hupigwa mara nyingi kuliko vile vilivyojificha.

Njia nyepesi ya kufahamu hesabu hii ni kuchukua kibuyu na maharagwe 20. Kumi na tisa yawe meupe, na moja liwe jekundu. Kibuyu hicho ni kipande kimoja cha pwani, mahali ambapo kimbunga kikuu hupita kwa wastani mara moja katika miaka 20. Kila mwaka mwenye nyumba hutia mkono bila kutazama, akatoa harage moja, kisha akalirudisha. Likiwa jeupe, mwaka umepita salama. Likiwa jekundu, kimbunga kimefika.

Sasa msimu mkali wakaribia. Wacha tuseme ukali wake ni wa kuongeza hatari mara mbili. Maana yake ni kwamba harage moja jeupe limeondolewa na jingine jekundu likatiwa. Hatari imezidi kweli, lakini bado meupe ni 18 na mekundu ni 2. Katika misimu kumi ya namna hiyo, mtu huyo atazamie kusalimika katika tisa. Hapo ndipo uongo wa moyo huanza. Mtu aliyetishwa na tangazo la Aprili, akapigilia mbao madirishani, akanunua chakula cha akiba, kisha asione hata upepo, husema, "Wale wasomi hawajui kitu." Mwaka unaofuata hafanyi lolote. Kumbe wasomi hawakusema uongo. Yeye ndiye hakuhesabu maharagwe.

Lakini hesabu hii ina upande wa pili, nao ndio wenye uzito. Mtu hajengi nyumba ya kukaa mwaka mmoja. Hujenga ya kukaa miaka 30, na watoto wake wakairithi. Akitia mkono katika kibuyu kile mara 30, hata kama kila mwaka mna harage moja jekundu tu, uwezekano wa kulitoa angalau mara moja ni karibu 79 katika 100. Yaani hatari ambayo kwa mwaka mmoja ni ndogo hata ikadharauliwa, kwa maisha ya nyumba moja ni karibu kuwa ahadi. Kwa hiyo msimu mkali haupasi kumtia mtu hofu kuu, wala msimu mkimya haupasi kumpa usingizi. Linalopasa ni nyumba kuwa imara katika kila msimu, maana harage jekundu halitoki kibuyuni mwaka wowote.

MJI ULIOTUMAINI BAHATI

Hapana mji uliojifunza jambo hili kwa machungu kama Galveston katika jimbo la Texas. Ulikuwa mji wa bandari wenye watu zaidi ya 37,000, umejengwa juu ya kisiwa cha mchanga ambacho mahali pake pa juu hapakufika futi 9 kutoka usawa wa bahari. Mji mwingine wa bandari katika pwani hiyohiyo, jina lake Indianola, ulibomolewa na kimbunga mwaka wa 1875, ukajengwa upya, ukabomolewa tena mwaka wa 1886, na wenyeji wakauhama. Watu wa Galveston waliona. Shauri lilitolewa la kujenga ukuta wa kuzuia bahari. Lakini miaka ilipita bila madhara makubwa, na shauri likalala. Mwaka wa 1891 mkuu wa kituo cha hali ya hewa mjini humo, Isaac Cline, mtu mwenye elimu, aliandika gazetini kwamba ni upuuzi kudhani mji huo waweza kuangamizwa na dhoruba.

Tarehe 8 Septemba 1900 bahari ilipanda juu ya kisiwa chote. Watu kama 8,000 walikufa, na wako wahesabuo zaidi. Mpaka leo hakuna balaa ya asili iliyoua watu wengi kuliko hiyo katika Marekani. Mke wa Cline mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliokufa.

Ndipo watu wa Galveston walipofanya kazi ambayo ingewafaa miaka kumi na minne kabla. Walianza ukuta wa saruji mwaka wa 1902, wenye kimo cha futi 17. Kisha wakauinua mji wenyewe: majengo zaidi ya 2,000 yaliinuliwa kwa jeki, na mchanga uliochotwa baharini ukamiminwa chini yake. Mwaka wa 1915 kimbunga kingine kikubwa kiliwajia. Wale waliokaa nyuma ya ukuta walikufa wachache tu. Bahari ilikuwa ileile, na mji ulikuwa mahali palepale. Kilichobadilika ni kazi ya mikono ya watu.

Usahaulifu, hata hivyo, haukuzikwa pamoja na wafu wa 1900. Baada ya kimbunga Wilma kuingia Florida mwezi wa Oktoba 2005, karibu miaka 12 ilipita pasipo kimbunga kikuu chochote kuingia Marekani. Sandy ya mwaka wa 2012, ingawa haikuwa na daraja hilo ilipofika, iliiingiza bahari ndani ya New York na New Jersey. Lakini katika sehemu nyingi za kusini watu walizidi kuhamia pwani na kujenga. Kisha mwaka mmoja tu, 2017, ukaleta Harvey katika Texas, Irma katika Florida na Maria katika Puerto Rico. Misimu kumi na mmoja ya harage jeupe haikuwa ahadi ya msimu wa kumi na mbili.

PAA NA MISUMARI

Yasemwa kwamba ajali haina kinga. Lakini wakaguzi waliokwenda kutazama mabomoko ya Andrew mwaka wa 1992 hawakurudi na neno hilo. Waliona mapaa yaliyopigiliwa kwa misumari michache kuliko ilivyoamriwa, na boriti zisizofungwa kwa vyuma kwenye kuta. Waliona nyumba za mtaa mmoja, hii imeng'olewa paa na ile imesimama. Upepo haukubagua, fundi ndiye aliyebagua. Kwa sababu hiyo Florida ilitunga sheria moja ya ujenzi kwa jimbo zima, ikaanza kutumika mwaka wa 2002, kuhusu misumari, vifungo vya paa na vifuniko vya madirisha. Nyumba zilizojengwa kwa kuitii sheria hiyo zimestahimili vimbunga vya baadaye kuliko zile za zamani.

Jambo jingine lapasa kukumbukwa: kimbunga hakiishii pwani. Mwaka wa 2024, ule ambao Colorado ilitangaza 62 katika 100, vimbunga 5 viliingia Marekani, na viwili kati yake vikiwa vikuu. Kimoja, Helene, kiliingia kaskazini mwa Florida usiku wa tarehe 26 Septemba. Watu zaidi ya 200 walikufa, na wengi wao hawakuwa watu wa pwani, bali watu wa bara, hasa wa milima ya North Carolina, mamia ya maili kutoka baharini, ambako mvua ilijaza mito ikachukua madaraja na nyumba. Hao labda hawakupata kufikiri hata siku moja kwamba tangazo la vimbunga lawahusu.

Na mwaka wa 2025 ulirudia fundisho la 2010. Marekani haikuingiwa na kimbunga hata kimoja. Lakini tarehe 28 Oktoba, msimu ukiwa karibu kwisha, Melissa iliingia magharibi mwa Jamaica kwa pepo za maili 185 kwa saa, kali kuliko zote zilizowahi kuandikwa katika kisiwa hicho. Kwa Marekani ulikuwa mwaka wa neema. Kwa Jamaica ulikuwa mwaka wa maombolezo. Msimu ni mmoja, milango ni mingi.

PWANI YA AFRIKA MASHARIKI

Mtu wa Mombasa au Lamu huweza kusoma habari hizi kwa moyo mtulivu, na ana haki. Kimbunga huhitaji mzunguko wa dunia ili kipate kuzunguka, na karibu na ikweta nguvu hiyo ni hafifu mno. Ndiyo sababu vimbunga vya Bahari ya Hindi huenda zaidi Madagaska na Msumbiji kuliko kuja kaskazini. Lakini hafifu si kusema hakuna. Mwezi wa Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja kikang'oa sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ya kisiwa. Pemba, kisiwa ndugu, kilisalimika karibu chote, na tangu hapo Pemba ikawa ndiyo yenye karafuu nyingi. Hapo tena ni harage jekundu kwa mmoja na jeupe kwa jirani yake. Mwaka wa 1952 kimbunga kilifika Lindi. Mwezi wa Aprili 2019 Kenneth iliingia kaskazini mwa Msumbiji, si mbali na mpaka wa Tanzania. Na mwezi wa Mei 2024 Hidaya ilifika Mafia, ingawa nguvu zake zilikuwa zimepungua.

Tena hesabu ya kibuyu si ya vimbunga peke yake. Mkulima alimaye kando ya mto ufurikao mara moja katika miaka mingi, naye anatia mkono kibuyuni kila msimu wa mvua. Akisikia kwamba mvua za mwaka huu zitakuwa kubwa, na aongeze uangalifu. Akisikia zitakuwa chache, asiondoe ghala lake mahali pa juu akaliteremsha ukingoni. Karani ajengaye nyumba ya kustaafu karibu na maji, na aulize wazee maji yalifika wapi zamani, wala si mwaka jana tu. Kuulizia miaka 50 hakugharimu kitu. Kujenga upya hugharimu akiba ya maisha.

Wataalamu wataendelea kutangaza hesabu zao kila Aprili, na ni vema watangaze, maana serikali na wenye bima na wasafirishaji hufaidika nazo. Lakini baba wa nyumba moja pwani hana haja ya kungoja hesabu hiyo ndipo ajue la kufanya. Mambo yake ni yaleyale katika mwaka mkali na mwaka mkimya: paa lifungwe, njia ya kukimbilia ijulikane, akiba iwekwe mahali pakavu, na amri ya kuhama ikitoka itiiwe. Akifanya hivyo kwa miaka 29 bila kuona upepo, hajapoteza kazi yake bure. Usipoziba ufa utajenga ukuta; na watu wa Galveston, waliokwisha kuzika wafu wao, waliujenga.